Halikudondosha Hata Tone

Mzee alikuwa ameshafika, kama kawaida yake. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya upelelezi, kofia magotini, chupa ya chai miguuni, macho kwenye mlango wa mahabusu. Askari wa kaunta walishamzoea hadi wakawa wanairuka miguu yake kama wanavyoruka ndoo ya deki. Inspekta hakumzoea, na jambo hilo lilimkera, kwa sababu katika kazi hii mwanamke asiyezoea huumia bure.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za kuamka?"

"Njema. Leo tunafungua injini."

Mzee akanyoosha mgongo. "Hapo sasa mmefika. Watu watakudanganya mpaka uzeeke, lakini injini ukiifungua, imesema."

Alimmiminia chai bila kumuuliza kama anataka. Alizungusha kifuniko kwa kidole gumba cha kulia, ambacho ncha yake iliondoka na feni ya lori zamani. Kilipona bapa, na ufa katikati, kama kwato ya mbuzi. Alikuwa akipenda kukitania mwenyewe, kwamba feni ilionja ikaona mzee hana ladha.

"Mimi nimelala chini ya malori tangu hujazaliwa," alisema, "na hakuna gari lililotoka mikononi mwangu likadondosha oili. Hata tone. Gari likidondosha oili uani kwa mteja, fundi amevuliwa nguo hadharani. Ndivyo nilivyomlea Dogo."

Dogo alikuwa mwanawe wa pekee, na hakuwa mdogo tena. Alikuwa na mke, gereji yake mwenyewe, na sasa shtaka la mauaji. Gari la mbio, la manjano, lilitoka gerejini kwake likiwa limefanyiwa matengenezo. Siku chache baadaye, likiwa kwenye kona ya barabara kuu, injini ilijifunga, magurudumu ya nyuma yakasimama ghafla, gari likaruka kingo na kumuua mteja aliyekuwa akiliendesha. Mteja huyo alikuwa kijana aliyependa kukanyaga mafuta, na Dogo aliwahi kumwambia mbele za watu, "Wewe, gari hili litakuua." Alimwambia kama fundi yeyote anavyomwambia mteja asiyesikia. Lakini mtu akishazikwa, maneno hubadilika sura.

Mkuu wa kituo aliyasikia akasema lisemwalo lipo. Kwa maoni yake, Dogo alilegeza bolti ya chini ya injini ili oili ivuje njiani kidogo kidogo. Kesho asubuhi Dogo angepandishwa kizimbani kwa kuua kwa kukusudia.

Inspekta hakuamini, na katika wiki ya kwanza alifanya kosa ambalo hata askari mwanafunzi hukatazwa. Alimshika mzee bega akamwambia, "Nitakurudishia mwanao." Tangu siku hiyo mzee hakukosa benchi, na ahadi ikageuka deni linalomwamkia kila asubuhi.

"Mjukuu hajambo?" aliuliza ili asiulizwe yeye.

"Hajambo, ana mapafu ya honi ya lori." Mzee akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Alizaliwa siku ile ile gari lile lilipokuwa linamalizwa. Dogo alishinda wodini kwa mkewe hadi jua linazama, akampokea mwanawe na mikono ya grisi, manesi wakamfukuza akanawe. Furaha yake hiyo. Halafu mkaja kumchukua."

Inspekta alimaliza chai, akashukuru, akaondoka. Maneno yale aliyasikia kama anavyosikia redio ya jirani. Hakujua kuwa angeyarudia neno kwa neno kabla ya saa ya chakula.

*

Injini ilikuwa imelazwa juu ya meza ya chuma kwenye karakana ya serikali, nyuma ya kituo. Aliyekuwa akiisubiri ni mtaalamu wa magari ambaye kila mtu alimwita Glovu, kwa sababu hajawahi kuonekana akigusa kitu kwa mikono mitupu, hata mihuri ya ofisi. Alikuwa na tabia ya kusema na vyuma.

"Haya, binti, tuambie nani kakuudhi," aliiambia injini, kisha akamgeukia Inspekta. "Samahani, siyo wewe."

"Mimi wameniudhi wengi. Anza na bolti."

Glovu alilala chini ya meza na tochi. Alipiga picha, akajaribu bolti kwa spana, akapiga picha nyingine.

"Imekazwa. Na alama ya rangi ya fundi bado iko pale pale, haijakatika. Tangu ilipofungwa haijaguswa."

"Una hakika?"

"Ningekuwa sina hakika ningesema sina hakika."

Aliifungua, akakinga beseni. Oili ilimwagika nzito na nyeusi, ikajaza beseni karibu na ukingo. Glovu alipima akainua mabega.

"Imejaa. Kama ilivuja, basi ilivujia humo humo."

Inspekta akahisi kitu chepesi kifuani. Hadithi ya Mkuu ilikuwa imekufa pale kwenye beseni. Bolti haikulegezwa, oili haikuvuja, basi hakuna aliyekusudia. Alitamani kurudi kwenye benchi sasa hivi, lakini upelelezi unaokimbilia jibu tamu huishia kuomba radhi.

"Sasa imekufaje?" aliuliza.

Glovu alitoa beringi moja iliyokuwa imeshika krenki, mhimili mkuu wa injini, akaiweka kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa imeungua hadi ikawa na rangi ya samawati.

"Imekufa kwa kiu," alisema.

"Kiu gani, na oili imejaa?"

"Ndiyo swali. Mtu amekufa kwa kiu ndani ya pipa la maji. Ama hakuweza kunywa, ama kuna aliyemziba mdomo."

Kwa hiyo wakaenda kwenye pampu. Glovu aliifungua polepole, akiweka kila kipande kwa mpangilio wa kutoka kwake. Alieleza bila kuinua kichwa.

"Watu hupenda kusema pampu ya oili ni moyo wa injini. Mimi sipendi. Moyo hauna akili, hii inayo. Pampu za malori ya zamani zilikuwa na gia mbili zinazosagana, injini ikizunguka nazo zinazunguka, basi. Kwenye gari la mbio la siku hizi kuna mapezi, haya, yanazunguka ndani ya pete hii. Na pete inasogea. Ikikaa katikati, mapezi yanasukuma oili kidogo. Ikisogea pembeni, yanasukuma nyingi."

"Nani anaisogeza?"

"Kompyuta, kupitia vali ndogo ya umeme. Ukiwa unatambaa mjini, kompyuta inasema punguza, tusile mafuta bure kwa kuzungusha pampu. Ukikanyaga, inasema leta yote. Hapo pampu inavuta kwa nguvu ambayo pampu ya lori haiijui."

"Na hii mbovu?"

"Nzima kabisa. Mapezi mazima, pete nzima, vali inafanya kazi. Ilikuwa inavuta kwa uwezo wake wote, lakini haikupata kitu." Akachungulia bomba la kuvutia. "Njia ya oili ni fupi. Oili inakaa kwenye sampu, bakuli la chini, inapita kwenye chujio, inaingia kwenye pampu. Pampu nzima, oili ipo. Kimebaki nini?"

"Chujio," alisema Inspekta.

"Ungefaa kuwa fundi. Mshahara ni mbaya vile vile."

Sampu ilikataa kutoka. Glovu alitoa bolti zote, akagonga kwa nyundo ya mpira, ikang'ang'ania. Ilibidi apitishe kisu chembamba kuizunguka yote huku akiguna kwamba aliyeifunga alitaka azikwe nayo. Ilipoachia, wote wawili waliinama.

Chujio lilikuwa jekundu. Uzi mnene wa mpira laini ulikuwa umejikunja juu yake, mwingine juu ya huo, na vipande vidogo vikiwa vimevutwa hadi ndani ya matundu yaliyo madogo kuliko ya chandarua. Hapakuwa na tundu lililobaki wazi.

"Silikoni," Glovu alisema, na sasa hakutania. "Ya kuzibia sampu isivuje. Ameweka nyingi mno. Ukibana sampu, inayozidi inatokeza nje na ndani. Ya nje unaifuta. Ya ndani huioni. Inakauka, oili ya moto inaikata, inaanguka kwenye bakuli. Ukienda taratibu, injini inaishi. Ukikanyaga, pampu inavuta yote, na silikoni inafyonzwa inagandama kwenye chujio. Taa ya onyo iliwaka, kompyuta inasema hivyo. Lakini kwenye kona, kwa mwendo ule, nani anaangalia taa?"

"Kwenye lori ingekuwaje?"

"Kwenye lori chujio lina matundu ya kupitisha harage. Ungeweka silikoni hivi miaka yote, usidondoshe hata tone, na usijue kwamba umekosea."

Inspekta alibaki ameinama. Hata tone. Maneno yale aliyasikia asubuhi hii, na chai mkononi.

"Nionyeshe mahali pengine palipozibwa," alisema.

Glovu alielekeza tochi kwenye kifuniko cha mbele cha injini. Hapo silikoni ilikuwa ya kijivu, mstari mmoja mwembamba ulionyooka, haujatokeza popote.

"Huyu ni fundi mwingine," alisema Glovu. "Hata bila rangi ningekuambia. Injini moja, mikono ya watu wawili. Yule wa sampu alilainisha kwa kidole, ona kwenye pembe hii. Silikoni ikikauka haisahau."

Kwenye pembe ya sampu kidole gumba kilikuwa kimeacha alama yake, nzuri, kama kimegandamizwa kwenye ugali wa moto. Kilikuwa kipana na bapa, hakina ncha, na katikati kina ufa.

"Kidole cha ajabu," Glovu alisema. "Ukikiona popote utakijua."

"Ndiyo," alisema Inspekta.

Katika maelezo yake, Dogo alisema hakuondoka gerejini siku ile na kwamba sampu aliifunga yeye. Baba yake alisema alishinda wodini hadi jua linazama. Mmoja wao alikuwa anasema uongo, na siyo yule aliyekuwa akimimina chai.

"Utaandika nini?" aliuliza.

"Nilichokiona. Kila kitu nilichokiona." Glovu akamtazama. "Inspekta, hili ni kosa la kazi, siyo mauaji. Nilidhani utafurahi."

Inspekta alimwambia apige picha ile pembe mara nyingine, kwa karibu zaidi. Kisha akaichukua sampu ndani ya mfuko wa ushahidi na kuondoka.

*

Alipita mlango wa nyuma ili asipite kwenye benchi. Dogo aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, akakaa, akaona chuma kilicho ndani ya mfuko. Hakuuliza ni nini.

"Nani alifunga sampu hii?"

"Mimi."

"Kwa silikoni gani?"

"Ya kawaida."

"Wewe unatumia ya kijivu. Hii ni nyekundu."

"Ya kijivu iliisha."

"Tyubu yako ya kijivu tuliikuta gerejini, haijafika nusu."

Inspekta aliigeuza sampu hadi pembe ile ikamtazama kijana.

"Mkeo alishikwa na uchungu. Ukaacha kazi, ukakimbia hospitali. Mteja alikuwa anakuja kulichukua gari, hutaki aibu, ukamwomba baba yako akufungie sampu tu. Kazi ndogo. Kazi ambayo ameifanya maisha yake yote."

"Nilifunga mimi."

"Ulijua lini?"

"Nilifunga mimi, Inspekta."

"Sikiliza basi jinsi mwendesha mashtaka atakavyokusikia. Atasema huyu ni fundi anayejua magari ya mbio, anayejua silikoni inawekwa uzi mwembamba. Sehemu nyingine zote aliweka uzi mwembamba. Hapa peke yake, juu ya chujio, akaweka lundo. Na aliwahi kusema gari hili litakuua. Ukisema ulifunga wewe, siyo kosa tena. Umekusudia."

"Na kama alifunga mwingine?"

"Ni uzembe. Ni kosa la mtu aliyezoea malori. Hakimu anaweza kumwonea huruma."

Dogo alitikisa kichwa. Alikuwa amekonda, na mikono yake, bila grisi, ilionekana ya mtu mwingine.

"Humjui mzee," alisema. "Jela anaiweza. Amelala chini ya magari mvua inanyesha, jela ni nini. Lakini hana kitu kingine duniani cha kujisifia, Inspekta. Hana nyumba, hana shamba. Ana hilo tu, kwamba gari lake halidondoshi oili. Ukimwambia kwamba hilo ndilo limeua mtoto wa watu, hutakuwa umemfunga. Utakuwa umemzika."

"Yuko pale nje kila siku akiomba tumtafute aliyefanya."

"Najua. Nasikia kikohozi chake." Kijana aliweka viganja mezani. "Leta karatasi nitie sahihi. Nilifunga mimi, kwa silikoni nyekundu. Nakuomba jambo moja tu. Asiambiwe."

Inspekta alimweleza tena kuhusu mauaji, kuhusu miaka, kuhusu mtoto atakayejifunza kutembea bila yeye. Dogo alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza kalamu iko wapi. Askari aliyeshuhudia akaipeleka karatasi moja kwa moja kwa Mkuu, na Inspekta akaisikia sauti ya Mkuu kupitia ukuta, imechangamka, ikipiga simu kwa mwendesha mashtaka. Kulikuwa na maungamo, na ripoti ya Glovu ingekuwa na kidole. Vitu hivyo viwili vingekutana kwenye meza moja kabla ya jioni, apende asipende.

*

Mzee alisimama alipomwona akitoka.

"Enhe, imesema?"

Inspekta angeweza kupita. Angeweza kusema upelelezi unaendelea, maneno ambayo kila askari anayo mfukoni. Lakini alikuwa amechoka, na mzee alimtazama kama mtu aliyekwisha kuvaa viatu vya safari, naye akajiambia kwamba neno moja halitamdhuru.

"Bolti haikulegezwa," alisema. "Oili ilikuwa imejaa. Pampu nzima. Chujio liliziba kwa silikoni."

"Silikoni?" Uso wa mzee ukafunguka wote. "Mungu mkubwa. Basi mwanangu ametoka."

"Mzee, keti."

"Sikai, nisikilize mimi, hili nalijua. Dogo hawezi kuziba chujio kwa silikoni hata umfunge kitambaa usoni. Dogo anaweka uzi, kama msichana anayejipaka wanja. Muulize mtu yeyote, tunagombana kila siku kwa ajili hiyo. Namwambia, wee, weka kwa ukarimu, gari litakudondoshea oili kwa watu. Hanisikii. Siku ile yenyewe, wakati anakimbilia hospitali, ananiambia baba weka kidogo tu, mimi nikamwambia nenda bwana, unanifundisha mi..."

Kidole gumba kilichokuwa kikizungusha kifuniko cha chupa kikasimama. Kwenye kaunta, askari mmoja alikuwa akicheka na simu yake, kisha naye akaacha.

"Rangi gani?" mzee aliuliza.

"Mzee, twende ndani."

"Nimeuliza rangi gani."

"Nyekundu."

Mzee aliketi. Alikitazama kidole chake muda mrefu, mbele na nyuma, kama kifaa alichoazimwa na mtu.

"Nililala chini nikaangalia," alisema. "Nilipomaliza niliwasha, nikalala chini na tochi. Halikudondosha. Hata tone."

"Halikudondosha," alisema Inspekta.

"Yeye anajua?"

Inspekta aliugeukia mlango wa mahabusu, na hilo lilikuwa jibu. Mzee akavaa kofia, akaivua, akasimama, akaenda hadi kaunta kwa hatua za mtu anayefuata foleni. Akaweka mikono yote miwili juu ya ubao.

"Niandikeni mimi," alimwambia askari. "Mumtoe mtoto."

Askari akamtazama Inspekta, na Inspekta akaitikia kwa kichwa, kwa sababu ndio utaratibu. Alijua kitakachofuata kwa sababu aliwahi kukiona. Mwendesha mashtaka angekuwa na maungamo mawili na kidole kimoja. Hangechagua. Angesema mmoja aliweka na mwingine alijua akaficha, na angewapandisha kizimbani pamoja, baba na mwana, huku mama mwenye mtoto mchanga akiwatazama kutoka viti vya nyuma. Inspekta alikuwa ameahidi kumrudishia mzee mwanawe, na sasa angewakutanisha.

Alimchukua mzee alama za vidole yeye mwenyewe. Kile gumba kilihitaji kugandamizwa mara mbili ili wino ushike ufa. Kisha akaufungua mlango ule ambao mzee alikuwa akiutazama tangu mwanzo, wakaingia kwenye korido ya mahabusu. Mzee akakohoa.

Ndani ya chumba cha mwisho kitu kilianguka, na uso wa Dogo ukatokea kwenye nondo. Alimwona baba yake. Aliona wino kwenye mikono yake.

"Inspekta," alisema. "Nani amemwambia?"

"Amejiambia mwenyewe," alisema Inspekta. "Alikuwa anakutetea."